Picha Elfu Kumi, Jina Moja: Amana Iliyo Mikononi mwa Wapiga Picha wa Mbinga

*Kamera za kidijitali zimewapa mafundi wa Ukata, Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa uwezo ambao waliowatangulia hawakuupata. Lakini picha isiyopangwa wala kuandikiwa maelezo ni mali iliyokwisha kuanza kupotea.*

Fungua kompyuta ya studio yoyote ya picha iliyofanya kazi kwa miaka kadhaa mjini Mbinga au katika vijiji vya Ukata, na yamkini utakuta picha mbili zenye jina moja: IMG_0412 ya watoto wa komunio ya kwanza waliopangwa mbele ya kanisa, na IMG_0412 ya mzee aliyeketi barazani mwake, fimbo magotini, miezi michache kabla ya kufariki kwake.

Sababu yake haina siri. Kamera za Canon huzipa picha nambari kuanzia 0001 hadi 9999, kisha hurudi mwanzo, na za Nikon hufanya vivyo hivyo kwa herufi DSC. Basi mpiga picha mwenye kazi nyingi huumaliza mzunguko huo katika msimu mmoja wa arusi, na tangu hapo kila picha mpya aipigayo hubeba jina la picha ya zamani.

Siku atakapozihamisha picha za kadi kuzitia katika folda ile ile aliyoizoea, kompyuta humwuliza swali dogo: faili lenye jina hili lipo, je, libadilishwe? Saa ni tano usiku, mteja ameahidiwa picha zake asubuhi, macho yamechoka, kidole hubonyeza kukubali. Na picha pekee ya mzee yule imefutika pasipo kilio wala taarifa.

Hasara ya namna hiyo yazuilika. Dawa yake ni kazi ya kupanga na kutengeneza picha ghafi kwa programu zilizofanywa kwa ajili hiyo, kazi ambayo wenye fani hii, hapa kwetu na ulimwenguni kote, wana rai mbalimbali juu yake, na ambayo faida na gharama zake zastahili kupimwa kwa insafu.

Msimu wa kahawa, msimu wa picha

Wakulima wa milima ya Umatengo wakiisha kuuza kahawa yao, mambo yaliyoahirishwa mwaka mzima huanza kutimizwa: mahari hukamilishwa, arusi hufungwa, nyumba huezekwa, na watoto waliopata komunio au kipaimara hufanyiwa karamu. Katika kila shughuli ya aina hiyo yupo mtu mmoja ambaye hali mpaka wenzake wote wamekwisha kula, naye ni mpiga picha.

Katika zama za mkanda wa picha 36, uchache wa picha ulimfundisha fundi ubahili ulio mwema. Alitazama, akatafakari, akabonyeza mara moja. Na picha zikiisha kusafishwa, negativu alizitia katika bahasha, akaandika juu yake tarehe na jina la mwenye shughuli. Kamera ya kidijitali iliuondoa ubahili ule, na bahasha yenye maandishi ikaondoka pamoja nao.

Mambo mengine yakaja kuiharakisha kazi. Mwaka 2018 umeme wa Gridi ya Taifa ulifika Songea kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, na mkoa uliozoea mngurumo wa majenereta ya dizeli ukapata nguvu ya kuwasha kompyuta bila hofu ya kila saa. Kisha lami ikateremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, mwendo wa kilomita zipatazo 66, na fundi wa milimani akaweza kupiga picha za arusi ya ziwani na kulala nyumbani kwake usiku ule ule.

Leo fundi mmoja aweza kurudi kutoka katika arusi moja na picha 1,500. Mkononi mwake mna kumbukumbu za nyumba mbili, ukoo mzima na kijiji kizima, na hakuna sheria ya kanisa, ya msikiti wala ya serikali ya kijiji imwambiayo azitunze vipi. Amana hiyo ameachiwa yeye na dhamiri yake.

> Kamera ya kidijitali iliuondoa ubahili wa mkanda, na bahasha yenye maandishi ikaondoka pamoja nao.

Kilichomo ndani ya faili ghafi

Kihisio cha kamera ni bapa la silikoni lenye mamilioni ya vipokezi vidogo vya nuru. Kwa mpango uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, uliopewa hataza mwaka 1976, kila kipokezi hufunikwa kwa kichujio cha rangi moja tu: nusu ya vipokezi hupata kijani, robo nyekundu na robo buluu, na rangi kamili ya kila nukta hupatikana baadaye kwa hesabu.

Kamera ikiagizwa kutoa picha ya JPEG, kompyuta iliyo ndani yake huifanya hesabu hiyo papo hapo, hukata shauri juu ya rangi, mwangaza na ukali wa picha, kisha hutupa yote iliyoyaona hayana haja. Kila rangi hubakiwa na daraja 256 tu za mwangaza. Ikiagizwa kuhifadhi picha ghafi, huandika yale yaliyopokelewa na kihisio, aghalabu kwa daraja 16,384, na shauri humwachia binadamu.

Mkulima wa Mbinga hahitaji darasa refu kulifahamu jambo hili. Buni iliyokaushwa vema huweza kukaangwa kidogo au sana, leo au baada ya miezi, kwa kadiri ya haja ya mnywaji; lakini iliyokwisha kukaangwa hairudi kuwa buni, na iliyoungua haina dawa.

Tuitazame picha moja kwa karibu. Ni saa sita mchana mlangoni mwa kanisa. Bibi arusi amesimama juani katika shela jeupe la lesi, na nyuma yake, kivulini mwa mlango, amesimama babu yake mwenye suti nyeusi. Katika JPEG ama shela litakuwa weupe mtupu usio na ua wala mshono, ama uso wa babu utamezwa na kiza, kwa maana kamera ilipaswa kuchagua mmoja wao na kumtoa mwingine sadaka.

Katika picha ghafi fundi hupunguza nuru kali mpaka maua ya lesi yajitokeze moja moja, huinua vivuli mpaka makunyanzi ya uso wa babu yasomeke, kisha huurekebisha mlingano wa rangi, kwa kuwa kivuli cha mchana huleta ubuluu ambao jicho la mtu huuzoea lakini kamera huuandika kama ulivyo. Watu wawili waliosimama pamoja siku ile husimama pamoja tena.

Ila picha ghafi nayo ina mpaka wake, na mwungwana hausingizii mtambo uwezo usio nao. Nuru iliyozidi kiasi cha kihisio haipatikani tena, picha iliyotikisika haitulizwi, na jicho lililofumba halifumbuliwi. Basi ustadi wa kupiga picha unabaki kuwa asili ya yote, na utengenezaji ni tawi lake.

Tartibu kabla ya urembo

Wengi hudhani kwamba programu za picha, kama vile Lightroom, darktable na digiKam, kazi yake ni kupamba. Kwa hakika faida yake kubwa zaidi ni tartibu, na fundi ambaye angezitumia kwa kupanga tu bila kugusa rangi hata moja angekuwa amekwisha kupata zaidi ya nusu ya manufaa yake.

Jambo la kwanza ni jina. Programu huweza kubadili majina ya picha zote kwa mara moja zinapotoka katika kadi, zikaitwa kwa mfano 2024-08-17_Ukata_Arusi_0001 na kuendelea. Mwaka ukitangulia, kisha mwezi, kisha siku, kompyuta yenyewe huzipanga picha kwa mfuatano wa nyakati, na hakuna picha mbili ziwezazo tena kugombania jina moja.

Jambo la pili ni uchaguzi. Fundi huzipitia picha zote na kuzipa nyota kwa daraja zake, akatenga zile zilizotikisika na zile za marudio, mpaka 1,500 zimekuwa 300 zenye maana. Uchaguzi huu ndio unaomwokoa na gharama ya kutunza takataka, na ndio humfunza, kuliko kitabu chochote, makosa anayoyarudia kila arusi.

Jambo la tatu, nalo ndilo linalosahauliwa mno, ni maelezo. Faili la picha hubeba ndani yake sehemu za kuandikwa: nani, wapi, lini, tukio gani. Magazeti na mashirika ya habari yamezitumia kwa miaka mingi kwa kanuni iitwayo IPTC, na tangu mwaka 2001 upo utaratibu wa XMP unaowezesha maelezo hayo kusomwa na programu nyingi tofauti.

Kisha huja utengenezaji wenyewe, na hapa pana siri ambayo wageni wa kazi hii huistaajabia. Programu ya picha ghafi haibadili kamwe faili la asili. Huandika pembeni maagizo tu, kwamba mwangaza uongezwe kiasi hiki na vivuli viinuliwe kiasi kile, na maagizo hayo huweza kufutwa au kubadilishwa hata baada ya miaka kumi. JPEG anayopelekewa mteja ni nakala iliyotokana na maagizo, na asili hubaki salama.

Mwisho ni hifadhi. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ameieneza kanuni inayotajwa kwa tarakimu tatu, 3-2-1: nakala tatu, juu ya vyombo vya aina mbili, moja iwe mbali na nyumba. Kwa fundi wa Ukata maana yake ni picha katika kompyuta, picha katika diski ya nje iliyofungiwa kabatini, na diski nyingine kwa ndugu katika kijiji kingine, ili moto, radi au mwizi asizichukue zote kwa usiku mmoja.

> Fundi ambaye angeitumia programu kwa kupanga tu, bila kugusa rangi hata moja, angekuwa amekwisha kupata zaidi ya nusu ya manufaa yake.

Wasemao: ya nini yote haya?

Wapo wapiga picha, nao si wavivu wala wajinga, wanaoona kwamba picha ghafi ni anasa ya watu wa mijini. Hoja zao zina uzito na haifai kuzipuuza.

Hoja ya kwanza ni nafasi. Faili ghafi la kamera ya megapikseli 24 huchukua takribani megabaiti 28, ilhali JPEG yake aghalabu haifiki nusu ya hiyo. Arusi ya picha 1,500 basi hula gigabaiti 42, na diski ya terabaiti moja hujaa kwa arusi zipatazo 23. Na kanuni ya nakala tatu ikifuatwa, gharama hiyo huzidishwa kwa tatu. Kuzipeleka intaneti kwa bando la simu ni gharama ambayo malipo ya arusi ya kijijini hayaibebi.

Hoja ya pili ni wakati. Mteja wa leo anataka picha zake katika WhatsApp kabla chakula hakijapoa, na WhatsApp ikizipokea huzibana na kuzipunguza, hata tofauti kati ya picha iliyotengenezwa kwa usiku mzima na ile iliyotoka katika kamera hupungua machoni pake. Kwa nini basi, wanauliza, fundi aache usingizi kwa uzuri ambao mteja hauoni wala haulipii?

Wanao hata shahidi mkubwa. Mnamo Novemba 2015 shirika la habari la Reuters liliwataka wapiga picha wake wa kujitegemea wasipeleke tena picha zilizotengenezwa kutoka katika mafaili ghafi, bali JPEG zilizotoka moja kwa moja katika kamera, kwa kuwa habari yahitaji haraka, na kwa kuwa mkono usiopata nafasi ya kutengeneza haupati nafasi ya kupotosha.

Jibu langu ni kwamba hoja hizi zinapinga matumizi mabaya ya wakati, wala hazipingi picha ghafi. Kamera nyingi huweza kuandika faili ghafi na JPEG kwa pamoja: JPEG iende WhatsApp usiku huo huo, na ghafi ingoje utulivu. Kadhalika si lazima kila picha ya ukumbini ipigwe ghafi. Lakini kiapo mbele ya padri au kadhi, babu na bibi pamoja na wajukuu, na picha ya familia nzima, hizo hazirudiwi, nazo zastahili gharama.

Ushahidi au hadaa?

Mwaka ule ule wa 2015 shindano la World Press Photo lilipita njia nyingine. Liliwadai wapiga picha waliokaribia mwisho mafaili yao ya asili, likayalinganisha na picha walizoziwasilisha, na asilimia 20 ya picha zilizofika hatua hiyo zikatolewa kwa sababu vitu vilikuwa vimeongezwa au kuondolewa ndani yake. Hapo faili ghafi lilisimama mahali pa shahidi.

Reuters walilikataa faili ghafi wakihofu hadaa, na World Press Photo wakalitaka ili wafichue hadaa. Wote wawili walikuwa wakilinda kitu kimoja, nacho ni imani ya mtazamaji. Na katika hao wawili naona waliodai asili ishuhudie walishika njia iliyo imara zaidi, kwa sababu uongo hauzuiliwi kwa kuinyima mikono kazi bali kwa kuwepo asili ya kuulizwa.

Kwetu jambo hili lina sura yake mahususi, nayo ni rangi ya ngozi. Kwa miongo mingi Kodak iliwapa wasafishaji wa picha kadi za vipimo zenye picha ya mwanamke mweupe, zikajulikana kwa jina la Shirley, na mtu mweusi akatoka katika picha uso wake ukiwa kiza kitupu. Malalamiko yaliyosikilizwa mwanzo, kwa masikitiko, yalikuwa ya watangazaji wa chokoleti na samani za mbao ambao rangi za bidhaa zao hazikutoka vema. Hata mwaka 2021 kampuni ya Google ilipotoa simu zake za Pixel 6, ilitangaza kama jambo jipya kwamba kamera zake zimefunzwa kuionyesha ngozi nyeusi kama ilivyo.

Picha ghafi humpa fundi wa Mbinga uwezo wa kuirekebisha dhuluma hiyo kwa mkono wake, kwa kuuinua mwangaza wa uso pasipo kuibadili rangi yake. Lakini uwezo huo huo hutumiwa aghalabu kinyume: bibi arusi hung'arishwa mpaka dada zake hawamtambui, na alama aliyozaliwa nayo hufutwa bila idhini yake. Kuutoa uso gizani ni haki. Kuubadili uwe wa mtu mwingine ni kumwambia mwenyewe kwamba alivyoumbwa hakufai.

> Kuutoa uso gizani ni haki. Kuubadili uwe wa mtu mwingine ni kumwambia mwenyewe kwamba alivyoumbwa hakufai.

Programu hufa

Kuna hatari nyingine ambayo haionekani upesi. Apple waliitoa programu ya Aperture mwaka 2005, maelfu ya mafundi wakaijaza kazi zao, na mwaka 2014 kampuni ikatangaza kuacha kuiendeleza. Picasa ya Google, iliyopendwa kwa kuwa haikulipiwa, ilisitishwa mwaka 2016. Nayo Lightroom ya Adobe, iliyoanza kuuzwa mwaka 2007, haipatikani tena kwa kununuliwa mara moja. Tangu mwaka 2017 kampuni imeshika njia ya malipo ya kila mwezi.

Malipo ya kila mwezi ni mzigo kwa mtu ambaye mapato yake yafuata msimu wa kahawa. Wengi hukimbilia programu za wizi zilizokrakiwa, wakaingiza virusi katika kompyuta ile ile iliyobeba amana za watu. Na siku programu ikikataa kufunguka, maagizo yote ya utengenezaji hubaki yamefungwa ndani.

Ipo njia ya halali isiyo na malipo. digiKam, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2001, ina ustadi mkubwa wa kupanga. Darktable, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2009, hutengeneza picha ghafi na kuandika maagizo yake katika faili dogo la XMP kando ya kila picha, hata picha ikihamishwa pamoja na faili hilo maagizo huhama nayo. Zote mbili hufanya kazi bila intaneti, jambo lenye thamani kubwa mahali ambapo mtandao huja na kutoweka.

Pwani iliyobadili majina

Mwenye shaka kwamba maelezo yana thamani kuliko rangi na ateremke mwambao wa Ziwa Nyasa. Bandari ya Liuli, kwa ajili ya jabali lake kubwa lililofanana machoni pa Wajerumani na sanamu ya Misri, waliiita Sphinxhafen. Na huko, Agosti 1914, meli ya Kiingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilipokuwa katika matengenezo. Manda waliiita Wiedhafen.

Chuo Kikuu cha Frankfurt kinatunza mkusanyiko wa picha za enzi ya ukoloni wa Kijerumani zipatazo 55,000, nazo zimetiwa katika kompyuta. Mwanafunzi wa Liuli akitafuta kwa jina la kwao aweza kurudi mikono mitupu, si kwa kuwa picha haipo, bali kwa kuwa aliyeiandikia maelezo alitumia jina ambalo wenyeji hawalitumii.

Wala mabadiliko hayakukoma na Wajerumani. Hadi mwaka 2012 Liuli, Mbamba Bay na Lituhi zilikuwa katika Wilaya ya Mbinga. Ndipo ilipomegwa Wilaya ya Nyasa. Picha ya wavuvi iliyoandikwa "Mbinga, 2009" leo humpoteza asomaye, na ingekuwa bora iandikwe jina la kijiji, la kata na la ziwa, pamoja na aina ya samaki aliyevuliwa.

Vivyo hivyo kwa milima. Picha ya mteremko wenye ngoro, yale mashimo ya kilimo ambayo Wamatengo huyafanya kwa kulaza nyasi kwa mraba na kuzifukia ili maji ya mvua yasichukue udongo, ni picha nzuri tu ikiwa haina maelezo. Ikiandikwa mlima gani, mwezi gani na mwaka gani, kisha ikapigwa tena mahali hapo hapo baada ya miaka 20, huwa ushahidi wa udongo uliosimama au uliokwenda, na bwana shamba aweza kuutumia.

Historia ya fani yetu ina mafunzo ya pande mbili. Zanzibar, studio ya Capital Art iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 ilibaki mikononi mwa familia yake, na picha za miji, masultani na watu wa kawaida zikatunzwa humo kwa vizazi. Priya Ramrakha wa Kenya, aliyeuawa mwaka 1968 akipiga picha za vita vya Biafra, kazi zake nyingi zililala kwa miongo katika gereji jijini Nairobi mpaka jamaa yake alipozifukua.

Negativu za Ramrakha zilingoja, kwa kuwa filamu ni kitu cha kushikika ambacho jicho laweza kukisoma mbele ya taa. Diski ya kompyuta iliyotelekezwa kwa miaka 40 hakuna ajuaye fundi wa kuisoma atakayekuwepo. Urithi wa kidijitali hautunziki kwa kusahauliwa. Hutunzwa kwa kunakiliwa tena na tena na mtu anayejua kilichomo.

> Urithi wa kidijitali hautunziki kwa kusahauliwa.

Lipi lifanywe

Wenye wajibu ni wengi. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika nchini, nayo yamkumbusha kila mwenye kukusanya habari za watu kwamba hana ruhusa ya kuzitumia atakavyo. Basi mwenye studio asiitundike picha ya arusi ya mtu ukutani au mtandaoni pasipo idhini, na maelezo aliyoyaandika ndani ya picha ayaondoe katika nakala za kusambazwa hadharani. Programu zina nafasi ya kufanya hivyo kwa kubonyeza mara moja.

Parokia, misikiti, shule na vyama vya ushirika vya kahawa, ambavyo huwaita wapiga picha kila mwaka, viwe na desturi ya kudai, pamoja na albamu, diski yenye picha za asili zilizoandikiwa maelezo, na viilipie kwa haki. Kazi isiyolipiwa haitafanywa, na kuwalaumu mafundi kwa kutoifanya si insafu. Maofisa utamaduni wa halmashauri za Mbinga na Nyasa nao wangefanya jambo la kusifiwa kama wangewakusanya mafundi kwa siku mbili au tatu na kuwafunza digiKam na darktable, mafunzo yasiyohitaji leseni wala intaneti.

Lakini lipo jambo moja ambalo programu yoyote haitaliweza, nalo ni kumjua bibi yule aliyeketi safu ya pili, wa tatu kutoka kushoto. Programu hutambua kwamba hapo pana uso. Jina lake, ukoo wake na kijiji alikotoka anavijua shangazi wa bwana arusi, na shangazi huyo ana umri wake.

Kwa hiyo namwomba kila mpiga picha wa Ukata, wa Mbinga na wa mwambao, siku anapopeleka picha kwa mwenye shughuli, asikabidhi na kuondoka. Aifungue ile picha ya familia nzima, amwite mkubwa wa nyumba, aulize majina safu kwa safu, na ayaandike ndani ya faili hapo hapo, mbele yao. Ni kazi ya robo saa. Na katika yote yaliyotajwa katika makala haya, hiyo ndiyo pekee ambayo ikiahirishwa haitawezekana kufanywa na mtu mwingine baadaye.